Mwonaji na Mpelelezi: Utabiri katika Riwaya ya Taharuki

Riwaya ya taharuki humfanya msomaji aulize nini kitatokea. Mtunzi anapompa shujaa wake uwezo wa kuona yajayo, anajitia katika mtihani mgumu: jibu limekwisha kutolewa, lakini hamu ya kusoma haina budi kuendelea. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuchunguza jinsi Stephen King wa Marekani alivyoukabili mtihani huo katika The Dead Zone (1979), na funzo lake kwa fasihi ya Kiswahili.

Mhusika mkuu, Johnny Smith, ni mwalimu aliyepata ajali ya gari akapoteza fahamu kwa zaidi ya miaka minne. Tangu azinduke, akimgusa mtu huweza kuyaona yaliyofichika na yajayo. Hata hivyo, taharuki haitokani na maono yenyewe, bali na ugumu wa kusadikiwa. Anapoonya kwamba radi itauchoma ukumbi wa sherehe, baadhi ya waalikwa wanabaki nyumbani. Wengine wanakwenda, na wengi wao wanateketea. Baadaye anashikana mkono na mwanasiasa Greg Stillson, akaona kwamba huyo atakuwa rais na kuleta vita vya maangamizi. Je, ni halali kumwua mtu kwa kosa ambalo hajalitenda? Hapa ndipo penye uzito wa riwaya. Johnny anamlenga kwa bunduki. Stillson anajikinga kwa mtoto mdogo, picha inapigwa, na aibu hiyo inammaliza kisiasa. Johnny anakufa kwa risasi za walinzi.

Kasoro tunaiona mwishoni. Kabla ya kukata roho, Johnny anamgusa tena Stillson na kuhakikishiwa kwamba balaa limeepushwa. Mtunzi anamwondolea msomaji shaka ileile iliyomshika tangu mwanzo. Janga lililozuiwa halina ushahidi. Ingefaa tubaki na shaka hiyo.

Riwaya ya Kiswahili ya upelelezi ilishika njia nyingine. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) cha Muhammed Said Abdulla, Bwana Msa hategemei maono, bali akili. Nyuma ya mzimu unaoogopwa mna uhalifu wa binadamu. Mwonaji tunamkuta zaidi katika tamthilia. Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein inaturudisha kwenye Vita vya Maji Maji vya 1905–1907, ambako neno la mtabiri linamponyoka na kushika njia yake lenyewe. Msiba wa Johnny ni kutosadikiwa. Msiba wa Kinjeketile ni kusadikiwa kupita kiasi.

Kwa msomaji wa Kisangani, msiba huu wa pili ndio ulio karibu. Mwaka 1964 wapiganaji wa Simba waliuteka mji huu, wakati huo ukiitwa Stanleyville, wakitegemea dawa ambayo ingezigeuza risasi kuwa maji. Vijana waliosadiki waliikabili risasi kwa vifua vyao.

Kwa hiyo, mtunzi wa kwetu atakayetaka kumwandika shujaa mwonaji asiige kipawa cha Johnny tu. Na aanzie pale King alipoishia: amwache mwonaji bila uthibitisho, kisha awaangalie wale waliomfuata. Unabii una gharama, na mara nyingi si nabii anayeilipa.