Muhuri na Maneno: Juu ya Tafsiri za Hati za Kiarabu

Hati ya mtu binafsi haihesabiwi miongoni mwa kazi za fasihi, na kwa hiyo wahakiki wetu huipita bila ya kuitazama. Hata hivyo, ni tafsiri chache zenye matokeo mazito kuliko tafsiri ya cheti cha ndoa, cha talaka au cha kuzaliwa. Tafsiri mbovu ya riwaya humchosha msomaji. Tafsiri mbovu ya cheti cha talaka yaweza kumfunga mwanamke katika ndoa iliyokwisha, au kumwoza angali katika eda. Nia ya makala haya ni kuzipima kwa kipimo cha lugha tafsiri zilizothibitishwa za hati za Kiarabu, wanazorudi nazo wengi wa watu wetu kutoka Omani na nchi nyingine za Ghuba.

Yafaa kwanza tufahamu muhuri unashuhudia nini. Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, ambao Omani ilianza kuutumia mwaka 2012, uliondoa mlolongo wa ofisi na balozi baina ya nchi zilizoukubali, ukaweka cheti kimoja mahali pake. Lakini cheti hicho chashuhudia sahihi, cheo cha aliyeitia, na muhuri uliopigwa. Hakisemi neno juu ya yaliyomo. Muhuri wa mfasiri nao watuambia ni nani aliyefasiri na kwamba yu tayari kuwajibika. Basi mihuri yote yaweza kuwa ya kweli na tafsiri ikawa na makosa. Wengi huihesabu mihuri wakadhani kwamba wameisoma hati.

Mfasiri wa Kiswahili ana hatari yake, nayo ni undugu wa maneno. Kwa kuwa lugha yetu imepokea mengi kutoka Kiarabu, hudhani ameelewa pale alipolisikia neno tu. Jinsiyya katika Kiarabu ni uraia, lakini jinsia yetu ni kuwa mwanamume au mwanamke, jambo ambalo Kiarabu huliita jins. Na katika fomu maneno hayo mawili huweza kukaa jirani. Shahada thanawiyya ni cheti cha kumaliza shule ya sekondari. Mfasiri akiandika “shahada” na kunyamaza, amempa kijana daraja ya chuo kikuu ambayo hakuisomea, na siku ya uchunguzi atakayeitwa mwongo ni kijana, si mfasiri. Hata wilaya haiaminiki: ya Omani imo ndani ya muhafadha, kama yetu ilivyomo ndani ya mkoa, lakini wilaya ya Algeria ndiyo mkoa wenyewe.

Majina na tarehe vyataka uangalifu huo huo. Maandishi ya Kiarabu kwa kawaida hayaonyeshi irabu fupi, wala alfabeti yake haina p wala v. Pandu wa Unguja huandikwa Bandu, na mfasiri asiyedai kuiona pasipoti humrudisha mtu kwao kwa jina lisilo lake. Katika tarakimu zitumikazo Mashariki ya Kati, sifuri ni nukta, na tano ni kiduara kinachofanana na sifuri yetu. Tena, mwaka 1400 wa Hijria ulianza Novemba 1979 ukaisha Novemba 1980. Hati ikitaja mwaka huo peke yake, si kazi ya mfasiri kuchagua mmoja. Na auandike kama ulivyo, kisha aitaje miaka yote miwili katika mabano.

Lakini kosa zito zaidi ni lile la kuifuta sheria iliyomo ndani ya neno. Talaka ya kwanza kwa kawaida huwa rejea: mume aweza kumrudia mkewe kabla ya eda kwisha, bila ya ndoa mpya. Talaka bain haina marejeo ya namna hiyo. Mfasiri aandikaye “wameachana” ameziunganisha hali mbili ambazo kadhi alizitenga kwa makusudi. Hali kadhalika cheti cha ndoa huitenga mahari iliyotangulizwa na ile iliyoakhirishwa, ambayo hubaki kuwa deni juu ya mume hata akifa. Zikiandikwa kwa neno moja, mjane aweza kuukosa ushahidi wa dai lake.

Makosa haya huzidi pale hati ya Kiarabu inapopitishwa kwanza katika Kiingereza, ndipo ifasiriwe kwa Kiswahili. Neno la Kiingereza litumiwalo mara nyingi kwa mahari, kwa asili yake, ni mali aletayo bibi harusi. Na eda haina jina la Kiingereza. Huko ni kuyapeleka maneno ugenini ambako hayana makao, na kuyarudisha yamepungua.

Huenda ikasemwa kwamba karani wa ofisi hazijui tofauti hizi, na kwamba tafsiri nyepesi humfaa zaidi. Hoja hiyo ina uzito, lakini karani si msomaji wa mwisho. Hati hiyo hiyo yaweza kufika mbele ya kadhi au hakimu baada ya miaka ishirini. Lililo gumu na lielezwe kwa maneno machache katika mabano, na ionekane wazi kwamba maelezo hayo ni ya mfasiri, si ya hati.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar yafaa yatoe pamoja orodha ya istilahi za vyeti, kutoka Kiarabu moja kwa moja hadi Kiswahili, na kumtaka kila mfasiri aifuate kabla ya kupiga muhuri. Orodha hiyo haitazidi kurasa chache, na maneno yake mengi yamo vinywani mwa makadhi wetu tangu zamani.