Diwani Yahamia Tovutini

Mtungaji aliyeipiga chapa diwani yake kwa Word, kisha akaazimu kuwapa wasomaji bure katika tovuti yake mwenyewe, yampasa atambue kwamba faili la docx ni furushi la mafaili mengi yaliyobanwa pamoja, na kwamba maneno yake yamo katika moja liitwalo document.xml, yamezongwa na alama chungu nzima za herufi na pambizo.

Diwani yangu niliihamisha kwa Pandoc, programu huria ambayo John MacFarlane, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliitoa mwaka 2006. Programu hii huusoma waraka, ikapambanua ipi aya na ipi tanbihi, ndipo ikauandika upya kwa muundo uliotakiwa. Kwa hiyo kichwa cha habari kilichokolezwa wino tu, pasipo kupewa mtindo wa kichwa, kwake ni aya kama aya nyingine.

Taabu hasa imo katika beti. Mshororo wa mizani 16 una ukwapi na utao, na aghalabu watungaji huvitenga vipande hivyo kwa tabo au kwa nafasi tano sita, ilhali katika HTML nafasi hizo zote huonekana moja, hata vina vya kati, ambavyo sikio la mjuzi huvingojea, vikamezwa na mshororo. Fauka ya hayo, mishororo iliyotengwa kwa Enter hugeuka aya mbalimbali, na ubeti ukasambaratika. Kwangu mimi, hasara hiyo haivumiliki, kwani ubeti usioonekana umbo lake umenyimwa nusu ya haki yake.

Basi kabla ya kugeuza lolote, katika kisanduku cha Word cha kutafuta na kubadili, niliandika ^t, yaani tabo, na mahali pake nikatia mkato, kama ilivyo ada ya diwani nyingi zilizochapwa. Kisha nikaigeuza kuwa Markdown, muundo wa matini tupu aliouleta John Gruber mwaka 2004, na mbele ya kila mshororo nikaweka mstari wima, |, ambao kwa Pandoc ni amri ya kutoiunganisha mistari.

Ikasalia ritifaa ya ng', ambayo Word huipinda, na ukurasa usiotangaza UTF-8 huweza kuonyesha ngâ€™ombe. Tangazo hilo Pandoc hulitia yenyewe ikiandikiwa -s:

pandoc diwani.md -s -o diwani.html

Na kwa msomaji asiye na mtandao kila saa, neno html likibadilishwa kuwa epub, matini yale yale humtolea kitabu kamili cha kusomea simuni.