Fotografi za Wafu

Katekista akiletewa foto yenye sura nyeupe nyuma ya mtu aliyefiwa, ajibu nini? Tuchunguze kwanza kazi ya Édouard Buguet, mpiga foto wa Paris, aliyejisifu kwamba mashine yake huonyesha wafu.

Kama kazi ya mikono, si kitu kikubwa. Kioo kimoja kilitiwa mwanga mara mbili: kwanza mbele ya sanamu iliyovikwa nguo nyeupe na kuwekewa kichwa cha karatasi ngumu, kisha mbele ya mtu aliyelipa. Sanamu ilipewa mwanga kidogo tu, ndiyo maana ilionekana kama ukungu. Mwaka 1875 polisi walivikuta vile vichwa, naye Buguet akaungama yote mbele ya tribinali. Alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya faranka 500.

Lakini, ndugu, la kustaajabisha si udanganyifu huo. Mashahidi walionyeshwa vichwa vyenyewe, wakasikia maungamo, hata hivi wengine walishika neno lao kwamba wamemtambua mtu wao. Mbona? Sura ile ilikuwa hafifu. Mwenye huzuni ndiye aliyeimalizia kwa ukumbusho wake. Anayewaita wajinga, nadhani hajapata kuzika mzazi.

Basi katekista asicheke. Aulize kama filamu ilipigwa mara mbili, kama mtu alipita mashine ikiwa wazi, kama vumbi liling'aa mbele ya taa. Kisha aulize jina la marehemu, na kama amekwisha kusomewa Misa.