Mathenge Upimwe kwa Kilo, Si kwa Gunia

Mti wa mathenge ulianza kupandwa Kenya miaka ya 1970, ukasambazwa nyanda kame miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Leo umeziba malisho na njia za mifugo kuanzia kingo za Mto Tana hadi Dadaab. Dawa iliyozoeleka Garissa ni kuukata na kuuchoma makaa, kwa imani kwamba kichaka kisicho na faida kinageuka pesa na malisho yanafunguka. Tatizo ni kipimo. Gunia la makaa huonyesha kilichopatikana, wala halisemi lolote kuhusu kilichoteketea.

Chukua kilo 1,000 za kuni kavu. Kila kilo ina takriban megajuli 18 za nishati, jumla 18,000. Katika tanuri la udongo, kuni hupangwa, hufunikwa majani na mchanga, kisha huachwa zifuke siku kadhaa. Kwa kawaida hutoka makaa kilo 100 hadi 200. Tukikadiria kilo 150, zenye megajuli 30 kila moja, tunabaki na 4,500, yaani robo. Kuni mbichi huongeza hasara, kwani moto hutumika kwanza kukausha maji. Kwa hiyo mpimaji sharti aanike sampuli na kuirudisha kwenye mizani hadi uzani ukome kushuka. Wapo watakaosema kwamba makaa ni mepesi kusafirisha na jiko lake halipotezi moto kama mafiga. Kwa safari ndefu wana hoja. Lakini hata jiko hilo likiwa na ufanisi maradufu ya mafiga, halifidii robo tatu iliyopotea tanurini. Dadaab imezungukwa na vichaka vya mathenge, ilhali wanawake wa kambi zake za wakimbizi za Dagahaley, Ifo na Hagadera wamekuwa wakihatarisha usalama wao kutafuta kuni mbali. Hapo kuni kavu ndizo zinazofaa.

Maganda ya mbegu yana thamani nyingine. Mbuzi akiyala mazima, mbegu ngumu hupita tumboni salama na kuota kwenye kinyesi, hivyo mfugaji hujipandia adui. Yakikaushwa hadi yavunjike mkononi kisha yakasagwa, mbegu hufa na unga hubaki kuwa lishe, jambo kubwa kwa eneo lililokosa mvua misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022. Wafugaji wa Baringo, walioishtaki serikali mwaka 2006, walilalamika kwamba maganda yaliharibu meno ya mbuzi. Onyo hilo linadai unga uchanganywe na malisho mengine. Halidai maganda yatupwe. Wengine huhofia kwamba soko la maganda na kuni litaufanya mti utunzwe. Hofu hiyo ina msingi, maana kisiki kilichokatwa juu ya ardhi huchipua upya. Malipo basi yaambatane na kung'oa kisiki.

Kaunti ya Garissa ingetanguliza mashine za kusaga maganda na kuni kwa walio karibu. Makaa yawe ya mwisho, kwa soko la mbali, na katika matanuri bora.