Pahali pa Kuvunjikia

Kindu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haikujengwa kwa ajili ya gari. Ni mji wa reli na mto: njia ya chuma kati ya Kongolo na hapa ilikamilika mwaka 1910, mzigo ukashushwa na kupakiwa melini kuteremka mto Lualaba hadi Ubundu, kisha ukapanda treni tena, kilomita 125, kukwepa maporomoko hadi Kisangani. Barabara zilikuja nyuma ya hayo yote, nyingine zikifuata machimbo ya bati ya Kalima, na mpaka leo zinaonyesha kwamba hakuna aliyezipa nafasi ya kwanza. Anayekwenda Kalima au Kasongo huanza kwa kuvuka mto hadi Alunguli. Ng'ambo hiyo ndiko pikapu inakojulikana ni ya nani, maana yake imepita mikononi mwa fundi gani.

Gari lenyewe mara nyingi ni Land Cruiser, zile HZJ75 na 79, au Hilux ya zamani. Injini ya Land Cruiser hizo, 1HZ, iliyotoka mwaka 1990, ina silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 4.2, haina turbo na haina kompyuta. Pampu ya mazutu, yaani dizeli, inaendeshwa kwa meno ya chuma, basi. Ni nzito na haina haraka. Mafundi wa Kindu wanaipenda kwa sababu kila kitu kilicho ndani yake kinaweza kushikwa kwa mkono, kuoshwa, kupimwa kwa jicho na kurudishwa. Gari likishanunuliwa, wao wanaliona kama kitu ambacho kiwanda kimekianza tu.

Watu wakisifu kazi hii husema ni Article 15, ile sheria isiyoandikwa ya Mkongomani: ujitegemee, ufanye uwezavyo. Mimi sifa hiyo siipendi. Inamfanya fundi aonekane mtu anayebahatisha, anayefunga waya pale palipokosekana boliti. Wapo wa namna hiyo, na magari yao yanajulikana kwa kulala njiani. Fundi wa kweli anafanya jambo gumu zaidi: anajua kwamba katika njia ya Pangi au Kasongo kitu lazima kitavunjika, hivyo anaamua mapema kitakuwa kipi.

Chukua springi ya nyuma. Ni tita la bapa za chuma, ambazo hapa kila mtu anaziita lame, zimelaliana kutoka ndefu ya juu hadi fupi ya chini. Shofa anayepakia magunia ya mchele, bidoni za mawese, na juu yake abiria, anataka tita liwe nene. "Papa, unitilie mbili tena." Fundi mzee hamjibu upesi. Atauliza njia gani, mzigo gani, na nani atakayeendesha usiku. Kisha huenda akaongeza moja tu, au asiongeze kabisa. Uzito haupotei kwa sababu springi imekuwa ngumu; unahamia kwenye vishikizo vyake, na vishikizo vinaupeleka kwenye shasi. Lame ikikatika porini, boi-shofa, msaidizi wa dereva, huinua gari kwa jeki, huchomeka gogo, hufunga kwa ukanda wa mpira uliochanwa kutoka shambaeri kuukuu, ule mpira wa ndani wa tairi, na safari inaendelea polepole. Shasi ikikatika, watu wanashuka na kutembea. Kwa hiyo lame ndiyo inayopewa kazi ya kutangulia kufa.

Tena si lame yoyote. Ile ndefu ya juu, yenye masikio ya kufungia, ndiyo inayoshika ekseli mahali pake. Ikikatika, gurudumu linarudi nyuma na gari linakwenda upande kama kaa. Fundi mzuri huirefusha ya pili na kukunja ncha yake ikumbatie sikio la ya kwanza, ili ya juu ikishindwa ya pili iwe bado imeshika. Haionekani gari likiwa limesimama, na shofa wengi hawajui kama wanayo.

Lame hizo hazitoki dukani. Hukatwa kutoka springi za malori yaliyokufa, na hapo ndipo mikono inapotofautiana. Anayeharakisha huipasha moto mpaka iwe nyekundu, akaikunja kirahisi, akaiacha ipoe chini. Chuma hicho kimepoteza ugumu wake, na ndani ya safari chache kitalala kama mkeka. Anayejua hupasha, huzamisha katika mafuta machafu ya injini, kisha hukirudisha kwenye makaa kwa moto mdogo, akiangalia rangi inayotambaa juu ya sehemu aliyoisugua ikang'aa. Au hakipashi kabisa: hukilaza juu ya kipande cha reli, ambacho ndicho fuawe yake, na kukipiga nyundo kikiwa baridi, pigo karibu na pigo, mpaka upinde urudi. Ni kazi ya asubuhi nzima. Hakuna mteja anayetaka kuilipia kama inavyostahili.

Shasi nayo ina elimu yake. Ufa ukionekana, mtu wa kawaida huufunika kwa kipande cha bati nene cha pembe nne na kuuchomelea pande zote. Miezi michache baadaye chuma kinapasuka tena, pembeni kabisa ya kiraka, kwa mstari ulionyooka. Fundi aliyefundishwa na magari mengi huanza kwa kutoboa tundu dogo pale ufa unapoishia, ili ukose ncha ya kuendelea nayo. Ndipo anachomelea, na kiraka anakikata mfano wa almasi, ncha zake zikielekea mbele na nyuma, asiweke mstari wa kuchomelea unaokata shasi wima. Katikati ya karne ya 19 August Wöhler, mhandisi wa reli wa Kijerumani, alionyesha kwamba ekseli inaweza kuvunjwa na mzigo mdogo ambao ingeubeba bila shida mara moja, ikiwa unarudiwa mara nyingi mno. Fundi wa Kindu anayetoboa tundu lile anashughulika na jambo hilohilo, na mji wa reli ni mahali pazuri pa kulijua.

Maji ni suala fupi. Bomba la hewa lipandishwe hadi usawa wa paa, kwa kuwa injini ikinyonya maji, maji hayabanwi, na fimbo za pistoni hupinda. Mkanda wa feni ulegezwe kabla ya mto mpana, feni isije ikajipinda mbele na kukata rejeta. Na kile kimpira chembamba cha kupumulia cha difu kivutwe juu. Difu yenye joto ikiingia maji baridi ghafla hunywa, na mafuta yake yanatoka meupe kama maziwa.

Kwingineko duniani pikapu hubadilishwa kwa raha. Marekani wapo wanaoishusha hadi inakaribia kugusa lami, wapo wanaoinyanyua ili ionekane, na sioni ubaya; uzuri nao ni kazi. Iceland huvisha matairi mapana yenye upepo kidogo ili gari lielee juu ya theluji. Huku tairi linalopendwa bado ni jembamba, 7.50 kwa 16, lenye shambaeri ndani na rimu inayofunguka kwa vyuma vya mkononi. Linakata matope likitafuta ardhi ngumu, na likitoboka linazibwa barabarani bila mashine. Mgeni ataliona la kizamani.

Kinachonisumbua ni Hilux za miaka ya karibuni. Mazutu ndani yake husukumwa kwa shinikizo linalozidi la hewa mara elfu na zaidi, kupitia matundu ambayo punje moja ya vumbi inayaua, na mazutu tunayoyapata ni ya pipa, au ya chupa za akina kadhafi, wachuuzi wa mafuta kando ya njia. Mafundi wanaongeza chujio la pili na chombo cha kutenga maji. Wamefanya vyema, ila pahali pa kuvunjikia sasa pamechaguliwa kiwandani, na si pahali ambapo boi-shofa atafika na tirifori, ile winchi ya mkono, na gogo. Kijana mwenye simu na kifaa cha bei ndogo anaweza kusoma kosa lililoandikwa na kompyuta. Kipuri chenyewe kinasubiri ndege.

Kwa hiyo anayetaka kununua pikapu Kindu asipoteze muda kwenye rangi. Alale chini yake na tochi, atafute viraka vya shasi, aangalie ncha zake zimekatwa vipi. Kisha atazame sikio la springi kama lame ya pili imelikumbatia. Akikuta vyote viwili, aulize gari lilitengenezwa na nani, na bei asiipunguze sana.