Mita 300 mchana, mita 80 usiku: bunduki shambani Katanga

Katika nchi za wafugaji wa kondoo, kuanzia milima ya Uskoti hadi nyanda kavu za Karoo huko Afrika Kusini, kuna kazi ya bunduki inayokula mchana na usiku. Jua likiwaka, mtu analala kifudifudi juu ya kilima akiwapunguza sungura na kunguru kutoka mbali. Giza likiingia, anarudi na kurunzi kali au kamera ya joto kumsaka mbweha anayekula wana-kondoo. Wenye mashamba kandokando ya Lubumbashi, hapa Katanga nchini Kongo, njia ya Kasenga, ya Kipushi na ya Likasi, nao wana waharibifu wao: nyani na tumbili kwenye mahindi, kunguru kwenye miche, nguruwe pori kwenye mihogo, mbweha kwenye kuku. Baadhi yao wameanza kununua darubini za bunduki na vipima umbali vya leza. Nataka kuchambua ufundi huo ukihamishiwa Katanga unafaa mpaka wapi, maana mahali pengine unafaa sana, na mahali pengine unaweza kumuua mtu.

Tuanze na mchana. Bunduki ya kalibre .243, ambayo ni ya kawaida kabisa kwa kazi hii, ikisawazishwa kugonga palepale kwenye mita 100, risasi yake ya gramu 6 na nusu hivi itakuwa imeshuka sentimita 9 ikifika mita 200, na zaidi ya sentimita 30 ikifika mita 300. Mshuko huo haumsumbui mtu aliyejifunza. Haubadiliki kutoka Jumatatu hadi Jumanne. Ukishapima umbali kwa leza, unasoma jedwali lako, unazungusha darubini, kazi imekwisha. Mtu yeyote mwenye subira anaweza kuujua mshuko wa bunduki yake kwa siku moja ya mazoezi.

Upepo ni habari nyingine. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ule unaotikisa majani na vijiti vidogo bila kukoma, unaisukuma risasi hiyohiyo sentimita 2 hivi kwenye mita 100, 8 au 9 kwenye mita 200, na karibu 20 kwenye mita 300. Umbali umeongezeka mara tatu, kosa limeongezeka mara kumi. Na hakuna leza ya bei ya mkulima inayopima upepo uliopo katikati ya njia, pale kwenye dembo, bonde la nyasi, ambapo nyasi zinainama upande huu ilhali kwenye ukingo wa miti zinainama upande ule. Kifua cha tumbili hakizidi upana wa kiganja. Ukikosea upepo kwa nusu tu, kwenye mita 300 umeikosa shabaha kwa sentimita 10, maana yake huenda umempasua tumbo, naye atakwenda kufia juu ya mti baada ya siku mbili. Kwa hiyo ninapoandika mita 300 kwenye kichwa cha habari, nazungumzia mpaka wa mtu mwenye mazoezi, bunduki ikiwa imetulia juu ya mfuko wa mchanga, asubuhi isiyo na upepo. Kwa wengi wetu mpaka ni mita 200, na hakuna aibu katika hilo.

Lubumbashi ina faida moja ambayo majedwali ya viwandani hayaionyeshi. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Jedwali lililochapwa kwenye boksi la risasi kwa kawaida limepigwa hesabu kwa hewa nzito ya usawa wa bahari. Hapa risasi inapoteza kasi polepole zaidi, inashuka pungufu kidogo, na upepo unaisukuma pungufu. Kwenye mita 200 tofauti haionekani. Kwenye mita 300 ni sentimita chache. Kupita hapo inaanza kumkosesha mtu kwa juu. Dawa yake ni kupiga karatasi hapahapa Katanga na kuandika namba zako mwenyewe.

Sasa kuna jambo ambalo ufundi wa Ulaya hauna jibu lake. Mahindi yetu hupandwa mvua zinapoanza, Novemba na Desemba. Nyani wanayataka yakiwa mabichi, kati ya Februari na Machi. Na miezi hiyo ndiyo nyasi za miombo zimesimama kumzidi mtu mrefu. Huoni mita 50, seuze 300! Pori hufunguka kuanzia Juni, mioto ikishapita, wakati mavuno yako ghalani. Kwa lugha nyepesi, msimu wa uharibifu na msimu wa kuona mbali hapa kwetu vinapishana. Mkulima anayetoa dola zake kwa ajili ya bunduki ya masafa marefu akitegemea kuokoa mahindi, ananunua chombo kitakachompa huduma nzuri baada ya hasara kupita. Kinachobaki cha kulinda wakati wa kiangazi ni bustani za kumwagilia kando ya mito kama Kafubu, pamoja na kuku na mbuzi. Kwa nyani wa Februari, watu wawili wanaotembea mpakani mwa shamba tangu alfajiri wanafanya kazi kubwa kuliko bunduki yoyote, kwa sababu nyani hujifunza upesi kumtofautisha mtu mwenye silaha na asiye nayo, na mmoja akiiona bunduki, kundi zima hupata habari, kisha hurudi ikiondoka.

Lakini Katanga imempa mpiga bunduki zawadi ambayo Uskoti haina: kichuguu. Vichuguu vikubwa vya mchwa vinavyozunguka Lubumbashi, ambavyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamevipima kwa miaka, hufikia mita 8 kwenda juu, na katika eneo la hekta moja unaweza kukuta vitatu hadi vitano. Tufanye hesabu ndogo. Mtu amelala chini kwenye uwanda, mtutu uko sentimita 30 kutoka ardhini, mbweha yuko mita 80 mbele, kifua chake nacho kiko sentimita 30. Risasi ikimkosa au ikimpita, inaendelea sambamba na ardhi, mamia ya mita, ikipita kimo cha goti la mtu. Mpandishe mtu huyohuyo juu ya kichuguu, mtutu uwe mita 5 kutoka ardhini. Risasi ileile sasa inateremka, na ikipita kifua cha mnyama inaingia ardhini mita 5 tu nyuma yake. Kimo kimebadilisha kila kitu.

Sisemi kwamba hapo hatari imekwisha. Udongo wetu mwekundu una tabaka gumu la mawe ya laterite, na risasi ikiligonga kwa pembe ndogo inaweza kudunda na kwenda isikotarajiwa. Kwa hiyo kanuni ninayoitetea ni ya vichuguu viwili: kimoja chini yako, kingine nyuma ya mnyama. Kwa kuwa viko vingi, mpangilio huo unapatikana karibu kila shamba. Unatafutwa mchana, kwa miguu, na mahali panapofaa panawekwa alama. Usiku hupigi popote isipokuwa kwenye mstari uliouchagua jua likiwaka.

Hapo ndipo mchana na usiku vinaungana, na hapo ndipo wengi wanakosea, wakidhani kazi ya usiku ni ya mchana iliyoongezewa taa. Usiku kikomo cha risasi hakina maana. Bunduki iliyosawazishwa kwa mita 100 haipotezi hata sentimita 5 kutoka mdomo wa mtutu hadi mita 150. Huhitaji jedwali wala kuzungusha kitu. Kinachokukataza kupiga mita 150 ni kwamba hujui unapiga nini. Kamera ya joto inaonyesha umbo jeupe linalotembea. Umbo hilo linaweza kuwa mbweha, fungo, mondo, mbwa wa jirani, au mwana-mbuzi aliyetoroka zizini. Jioni hata kichuguu na mawe yaliyolowa joto la jua huwaka kwenye kioo na kumficha mnyama aliyesimama mbele yake. Kurunzi nayo inakupa macho mawili yanayong'aa, na macho ya mbwa yanang'aa kama ya mbweha.

Mbweha wa Ulaya, yule mwekundu, haishi Katanga. Wetu ni mbweha miraba, mwenye mstari mweupe ubavuni na mara nyingi ncha nyeupe ya mkia. Alama hizo zinaonekana vizuri kwa taa na darubini kwenye mita 80. Kupita hapo unaanza kukisia. Ndiyo sababu usiku naweka mpaka huo, hata mikononi mwa mtu anayepiga mita 300 mchana bila kukosa.

Ufundi wenyewe wa usiku unatoka Karoo, na ni mzuri. Watu wawili, mmoja mwenye bunduki, mmoja mwenye taa na filimbi ya kuigiza kilio cha mnyama aliyeumia. Wanakaa ili upepo uwapige usoni kutoka upande wanaomtarajia mbweha. Kilio kifupi, kimya kirefu. Mbweha mzoefu haji moja kwa moja. Anazunguka ili apate harufu kutoka upande ambao upepo unakwenda, kwa hiyo mwenye taa anauangalia upande huo zaidi. Taa nyekundu haimshtui sana. Dakika 20 zikipita bila kitu, wanahama. Na anayeamua ni mwenye taa: asipotamka kwamba amemtambua mnyama, kidole cha mwenzake hakiingii kwenye kifyatulio. Kugawa mamlaka hivyo kunaweza kuokoa maisha, kwa sababu mwenye bunduki tayari ana hamu ya kupiga, na hamu humfanya mtu aone anachotaka kuona.

Katika Karoo unaweza kupiga ukijua hakuna mtu kwa kilomita kumi. Katanga haiko hivyo. Saa tisa usiku, wakati mbweha yuko kazini, njia zinazoingia Lubumbashi zina watu: vijana wenye baisikeli zilizopakiwa magunia ya makala (makaa), wakisukuma mlimani ili wafike sokoni kabla ya jua. Wengi hawana taa. Wanakata njia za mkato katikati ya mashamba, na kamera ya joto haiwezi kumwona mtu aliye nyuma ya kichaka au nyuma ya mteremko. Risasi ya .243 iliyorushwa juu inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Hata ile ndogo ya .22, ambayo watu wanaiona kama ya watoto, inafika kilomita moja na nusu. Kuku mmoja hawezi kulinganishwa na kijana mmoja wa makala, na mtu asiyelikubali hilo kwa moyo wote asishike bunduki usiku.

Ndiyo maana kwa usiku ninaiona bunduki ya marisau ya kalibre 12, ambayo ni ya kawaida Kongo, kuwa chombo bora kuliko ya masafa marefu. Marisau yake yana nguvu hadi mita 35 au 40, kisha yanapungua haraka. Inakulazimisha kumsubiri mnyama akaribie hadi umtambue. Gobori za kienyeji, zinazojazwa baruti mdomoni, sizipendekezi kwa lolote: zinajeruhi wanyama wengi bila kuwaua, na mara nyingine zinampasukia mwenyewe mkononi.

Kuna upande wa sheria pia. Uwindaji Kongo unaongozwa na sheria ya tarehe 28 Mei 1982, na silaha zinaongozwa na amri-sheria ya tarehe 3 Septemba 1985. Kibali cha silaha na kibali cha kuwinda ni karatasi mbili tofauti, na kumiliki shamba hakukupi hata moja kati ya hizo. Zaidi ya karatasi, kuna masikio ya majirani. Mji huu unakumbuka tarehe 23 Machi 2013, wanamgambo wa Bakata Katanga walipoingia hadi katikati yake. Mlio wa bunduki usiku hapa huamsha hofu kabla ya kuamsha swali. Chifu, polisi na majirani waambiwe mapema, kwa siku na saa.

Na je, mbweha wakiuawa, wanapungua? Kidogo, na kwa muda mfupi. Mbweha miraba huishi dume na jike katika eneo lao. Wakitolewa, wengine wanahamia. Chakula chake kikubwa ni panya, wadudu na matunda ya porini, na wengi hawajawahi kuingia bandani. Ukimwua asiye mwizi, unafungua nafasi kwa mgeni ambaye huenda akawa mwizi. Bunduki inafaa kwa mnyama mmoja aliyezoea banda moja, aliyefuatiliwa kwa nyayo zake hadi ajulikane anapopita. Sumu ni mbaya kuliko yote: inaua mbwa, tai, na hata mtoto aliyeokota chambo.

Hofu ya kichaa cha mbwa nayo hutumiwa kama sababu ya kuwasaka. Nchini Zimbabwe, ambako mbweha miraba wamewahi kukumbwa na ugonjwa huo, utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba hawawezi kuuendeleza peke yao bila kuambukizwa tena na mbwa wa vijijini. Chanjo kwa mbwa wa shamba inafanya kazi ambayo bunduki haiwezi kuifanya. Na mbweha aliyeuawa asishikwe kwa mikono mitupu. Azikwe kwa jembe.

Mwenye kuku njia ya Kasenga anayeniuliza anunue nini kwanza, jibu langu ni waya wa banda, uliozikwa sentimita 30 ardhini, na mlango unaofungwa kabla ya jua kuzama. Kisha chanjo ya mbwa wake. Akibaki mbweha mmoja anayerudi baada ya hapo, atafutwe mtu mwenye vibali, vichuguu viwili na mwenzake wa taa, naye asipige kupita mita 80.