Neno na Picha katika Vibao vya Usalama Migodini: Mfano wa Ituri

Aghalabu hudaiwa kuwa mahali pa kazi penye watu wa mataifa mbalimbali, kibao cha usalama kiachane na maneno, kibaki na picha tupu, kwa kuwa picha haina lugha. Makala haya mafupi yanakusudia kulipinga dai hilo. Picha nayo ina sarufi yake, na sarufi hiyo hufunzwa.

Tuchukue Ituri. Dhahabu iligunduliwa huko mwaka 1903, uchimbaji ukaanza Kilo mwaka 1905. Kijana wa Bule, katika eneo la Djugu, huenda akasema Kilendu nyumbani, Kiswahili sokoni, na kusoma Kifaransa darasani. Akifika Mongbwalu kutafuta kazi atawakuta Waalur, Wanyali na Wanande, pamoja na wageni kutoka Uganda na hata Uchina. Akivuka kaskazini kuelekea Watsa, ambako mgodi wa Kibali ulianza kutoa dhahabu mwaka 2013, Kilingala kinatamba zaidi. Katiba ya mwaka 2006 inakifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi, huku Kiswahili na Kilingala zikiwa miongoni mwa lugha nne za taifa. Basi kinachosemwa chini shimoni sicho kinachoandikwa mlangoni.

Mtetezi wa picha atajibu kwamba ndiyo sababu ya kuwa na alama za ISO 7010, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2003: duara jekundu lenye mstari hukataza, pembetatu ya manjano hutahadharisha, duara la buluu huamuru. Lakini nani amezaliwa akijua kuwa buluu huamuru? Alama ya mnururisho yenye mapanga matatu, iliyobuniwa Marekani mwaka 1946, haikumwambia chochote mtu asiyefundishwa. Kwa hiyo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilisanifu alama ya ziada, likaijaribu kwa watu wa nchi 11, Kenya ikiwamo, kabla ya kuitangaza mwaka 2007. Humo mna miale, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Tunaona huyo mtu anayekimbia ndiye aliyeiokoa kazi hiyo: miale inataka elimu, ila kukimbia kila mtu anakujua.

Neno nalo lina mitego yake, na hapa wahakiki wa lugha tumekaa kimya mno. “Hatari” ni neno zuri: fupi, na limezoeleka kwenye nguzo za umeme Kenya na Tanzania. Ila halisemi hatari gani. “Ni marufuku” ni lafudhi ya ofisi za pwani. “Imekatazwa” inatokana na kitenzi ambacho msemaji wa bara anakitumia kila siku, na tungeipendelea. Tatizo kubwa zaidi ni ukanushi. Katika USIGUSE katazo lote limebebwa na silabi moja, tena katikati ya neno. Vumbi au kutu ikiifuta SI, kinachobaki ni UGUSE, yaani amri kinyume kabisa. Kifaransa huanza na katazo lenyewe, nalo likifutika msomaji huona pengo. Kwa hiyo tungependekeza kibao kianze na SIMAMA au KAA MBALI, maneno yasiyohitaji kukanushwa.

Tafsiri ya pupa ina hatari nyingine. Neno la Kifaransa défense lina maana mbili, ulinzi na katazo. Anayefasiri Défense d'entrer kwa kamusi mkononi bila kutazama muktadha anaweza kuandika habari za ulinzi mahali palipotakiwa katazo, na mchimbaji akadhani kuna mlinzi anayemhifadhi. Wanafunzi wa tafsiri hufundishwa kisa cha namna hii kama kichekesho. Kando ya shimo la mgodi hakichekeshi.

Wasanifu wengi humwuliza mfanyakazi, “Kibao hiki kinasema nini?” Naye, kwa adabu, hutaja kitu kilichochorwa: fuvu, mkono, moto. Swali linalofaa ni, “Ukikikuta hiki, utafanya nini?” Tena aulizwe kwa Kiswahili cha Djugu, si cha vitabu, na aulizwe mgeni aliyefika wiki hiyo kabla ya mzee wa kazi ambaye anaijua njia hata gizani.